Vihisi vya Mto Mara

SWALI: Sisi wanafunzi wa Gorong'a tumeunda roboti ndogo ipimayo urefu wa maji ya Mto Mara kwa mwangwi, pamoja na joto la hewa. Programu yake yote ni klasi moja, na kila kihisi kipya huivuruga. Tuipangeje?

JIBU: Ndugu zangu, maadamu kila kihisi kina tabia yake na hitilafu zake, kiundieni kila kimoja klasi yake, itakayoficha ndani siri za nyaya na pini, na kwa nje ikaitika amri moja tu: soma. Jibu lake lisiwe tarakimu tupu, bali objekti ya kipimo, yenye thamani, kizio, wakati, na ishara ya kuwa kipimo ni sahihi au kimeharibika.

Utazameni mwangwi. Urudipo baada ya sekunde 0.01, umbali ni takriban sentimita 170 alfajiri kwenye nyuzi 15, na karibu 175 adhuhuri kwenye nyuzi 30, kwa kuwa sauti huenda kasi zaidi katika hewa yenye joto. Basi programu isiyojua joto itadai kuwa mto umepanda au umeshuka, ilhali maji yametulia. Wengine, kwa sababu hiyo, hukirithisha kihisi cha mwangwi kutoka kile cha joto, nami nalipinga jambo hilo kwa dhati, kwani mwangwi si aina ya joto: ikabidhini klasi ya mwangwi objekti ya joto pale inapoundwa.

Kisha undeni kihisi bandia, kisomacho vipimo vilivyohifadhiwa, mpate kuijaribu programu nyumbani kabla ya kushuka kwenye ukingo wenye mamba na viboko.