Dondoo muhimu: Kabla ya kutuma video ya shabiki shindanoni

• Soma masharti, hasa kifungu cha umiliki. Kumruhusu mwandaaji aonyeshe video si sawa na kumkabidhi hakimiliki.

• Zawadi ya fedha hubadili mambo: kazi ya mapenzi huanza kunuka biashara. Miongozo ya filamu za mashabiki wa Star Trek, ya 2016, inataka washiriki wasilipwe na hadithi isizidi dakika 15, au 30 kwa sehemu mbili.

• Wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Omba zote kwa maandishi.

• Kuandika “wimbo si wangu” chini ya video si ruhusa.

• Ukidaiwa ada ili upokee zawadi, shtuka.

• Hifadhi picha ghafi na nakala ya masharti.