Matatizo ya Chaji katika Pikapu Kuukuu za Dizeli: Kupima Kabla ya Kubadilisha

Mwenye gari ana haki ya kuelezwa chanzo cha tatizo kabla ya kuuziwa kipuri. Fundi anayefunga betri mpya bila kupima hajatengeneza gari; amebahatisha kwa fedha za mtu mwingine.

Katika Toyota Hilux za injini za 2L, 3L na 5L, ambazo bado zinabeba mizigo mingi Afrika Mashariki, hitilafu ya chaji hujificha kwa urahisi. Pampu ya nozeli huzungushwa na injini yenyewe, na umeme unaohitajika ili injini iendelee kunguruma ni ule mdogo wa kushikilia solenoidi ya kukata mafuta. Altaneta inaweza kufa asubuhi na gari likafanya kazi mchana kutwa. Kesho yake hita plagi na starta hudai umeme mwingi, betri hushindwa, na lawama huangukia betri.

Uchunguzi uanze na taa ya chaji kwenye dashibodi. Swichi ikiwashwa taa hiyo iwake, na injini ikiwaka izimike. Taa isiyowaka kabisa si dalili ya uzima: huenda balbu imeungua au waya umekatika. Mkanda ukaguliwe pia, kwani ukilegea altaneta nzima huonekana mbovu.

Kisha vipimo. Betri iliyojaa na kupumzika kwa saa kadhaa husoma takriban volti 12.6, ikisoma 12.0 imekaribia kuisha, nayo ichajiwe kikamilifu kabla ya kuhukumiwa. Injini ikinguruma kwa mizunguko kama 2,000 kwa dakika, kipimo kwenye betri kiwe kati ya 13.8 na 14.5. Kikipita 15, regureta imeharibika na maji ya betri yatachemka. Kikiwa chini ya 13, altaneta isifunguliwe kwanza. Ipimwe kwenye terminali yake kubwa. Ikiwa hapo pana volti 14.2 na kwenye betri 12.9, umeme unapotea njiani, aghalabu kwenye terminali zenye kutu au waya wa ethi kati ya injini na bodi. Kusafisha viungo hivyo ni kazi ya gharama ndogo, na uaminifu wa fundi hupimwa hapo.

Desturi ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inanguruma ili kujaribu altaneta iachwe kabisa. Mruko wa volti huua dayodi na regureta, na jibu lenyewe halina maana kwa dizeli, kwa kuwa hata altaneta dhaifu huweza kuishikilia ile solenoidi.

Sehemu inayodai uangalifu zaidi ni nyuma ya altaneta za injini hizi, palipofungwa pampu ya vakyumu inayosaidia breki. Pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichakaa, oili hupenya ndani na kulowesha kaboni. Kubadilisha kaboni peke yake hakutoshi: oili itazilowesha hata hizo mpya, na mteja atalipa tena kwa kosa lilelile. Vilevile, kufunga altaneta isiyo na pampu, eti kwa sababu inachaji vizuri, ni kuhatarisha maisha, maana kanyagio la breki huwa gumu na gari lenye mzigo halisimami inavyotakiwa. Mabomba ya oili nayo yakazwe na kukaguliwa injini ikiwa moto. Yakivuja, injini inaweza kukauka oili safarini.

Vipimo vya kabla na baada ya matengenezo viandikwe kwenye kadi ya kazi, gharama zikubaliwe kabla ya kufungua, na kipuri cha zamani kirudishwe kwa mwenye gari akikitaka. Mwanagenzi apewe multimita mkononi mapema, asiachiwe kubeba spana tu. Na gari lolote lililofunguliwa altaneta yenye pampu ya vakyumu lisikabidhiwe kabla breki zake hazijajaribiwa.