Kumsemea Mwenzio Kabla ya Kumjibu

Wale walioingia katika dini karibuni humjia mwalimu na maswali mengi, na mengi katika hayo yana majibu mepesi: namna ya kutawadha, idadi ya rakaa, hukumu ya chakula fulani. Lakini liko swali moja ambalo hufichwa nyuma ya mengine, na mwenye kuuliza hulitoa mwisho kabisa, akiwa amekwisha simama kutaka kuaga: "Mwalimu, nifanyeje na wazee wangu? Nyumbani hatusemezani."

Kijana mmoja alinijia na swali hilo miaka michache iliyopita, katika mji wa bara nilikokuwa nikifundisha. Baba yake hakuwa Mwislamu. Miezi saba ilikuwa imepita tangu kijana asilimu, na kila jioni nyumba yao iligeuka kuwa uwanja wa mabishano. Baba akisema neno, mwana alitoa dalili. Baba akinyamaza, mwana alitoa dalili ya pili. Mwishowe mzee akaacha kula naye. Kijana akawa hapati usingizi, kichwa chamwuma, na kazini akosea hesabu alizozoea kuzifanya bila kalamu.

Nami nilimpa nini? Nilikuwa nimetoka chuoni ughaibuni na kichwa kilichojaa vitabu, basi nilimwongezea dalili. Nilimfundisha hoja tatu mpya, akaenda nazo nyumbani, na baada ya juma moja akarudi hali yake ikiwa mbaya kuliko alivyokuja. Kosa lile lilikuwa langu kuliko lake. Ndipo nilipokumbuka habari moja katika maisha ya Mtume Muhammad s.a.w., ambayo nilikuwa nimeisoma mara nyingi kama historia tu.

Katika mwaka wa 8 wa Hijra, yaani mwanzoni mwa mwaka 630, Makka ilikuwa imekwisha funguliwa, na mara baada yake vikatokea vita vya Hunaini. Ngawira iliyopatikana ilikuwa kubwa mno. Wanahistoria wataja ngamia 24,000, na kondoo na mbuzi zaidi ya 40,000. Mtume s.a.w. aliigawa mahali paitwapo Jirana. Wakuu wa Makureshi na wa makabila ya jangwani, ambao wengi wao walikuwa wageni katika Uislamu, walipewa mafungu makubwa. Baadhi yao, kama Abu Sufiani, walipata ngamia mia kila mmoja. Maansari wa Madina, waliompokea alipofukuzwa na kupigana pamoja naye tangu Badri, hawakupata kitu.

Manung'uniko yakaenea. Vijana wao walisema kwamba Mtume amekwisha wapata watu wake. Hadhrat Saad bin Ubada r.a., mkuu wa Khazraji, akaenda kumweleza. Mtume s.a.w. hakudai majina ya walionung'unika. Alimwuliza Saad yeye mwenyewe yuko upande gani katika jambo hilo, naye Saad akajibu kwa unyofu kwamba yeye ni mtu mmoja tu katika kaumu yake. Jibu hilo ni zito, maana mkuu mzima anakiri mbele ya Mtume kwamba naye ana kinyongo. Hakukemewa. Aliagizwa awakusanye watu wake peke yao.

Mtume s.a.w. alianza kwa kuwakumbusha neema walizozipata kwa ajili yake: walikuwa wamepotea wakaongozwa, maskini wakatajirishwa, maadui wakaunganishwa nyoyo. Wakakubali yote, wakanyamaza. Wengi wetu tungeishia hapo na kudhani tumeshinda, kwa kuwa mwenzetu hana la kujibu. Mtume s.a.w. hakuridhika na kimya kile. Aliwauliza mbona hawamjibu. Nao walipokosa la kusema, akawasemea yeye. Aliwaambia kwamba wangeweza kumjibu, na wangekuwa wakweli, kuwa alikuja kwao amekadhibishwa nao wakamsadiki, ameachwa bila msaidizi wakamnusuru, amefukuzwa wakampa makao, ni mhitaji wakamfariji. Yale yote yaliyokuwa vifuani mwao, ambayo adabu iliwazuia kuyatamka, waliyasikia kutoka kinywani mwa yule yule waliyekuwa wakimlalamikia.

Kisha ndipo akatoa jibu lake. Alieleza kwamba mali ile ilikusudiwa kuzituliza nyoyo za watu wapya, ilhali wao amewaachia imani yao akiwa na tumaini nao. Lakini hakuishia kwenye mali. Ukitafakari utaona kwamba chini ya ngamia wote wale palikuwa na hofu: Makka, mji aliozaliwa, sasa ni wake, je, atatuacha? Hofu hiyo aliigusa waziwazi. Aliwaambia kwamba watu wengine watarudi makwao na mbuzi na ngamia, nao watarudi na Mtume wa Mwenyezi Mungu. Wakalia hata ndevu zao zikalowa machozi, wakasema wameridhika na fungu hilo. Na kweli alirudi Madina, akakaa huko hata alipofariki mwaka 632.

Nilipoyatazama haya kwa ajili ya yule kijana, niliona utaratibu ambao sikumfundisha. Mimi nilimfundisha kujibu. Sikumfundisha kwanza kuitamka shtaka ya baba yake, kwa ukamilifu na kwa haki, hata mzee mwenyewe aseme: naam, ndivyo.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Carl Rogers wa Marekani (1902–1987), katika hotuba aliyoitoa mwaka 1951, alishauri kwamba watu wawili wanaobishana wajiwekee sharti moja: hakuna ruhusa ya kutoa neno lako mpaka kwanza umeyaeleza mawazo na hisia za aliyekutangulia kusema, na yeye mwenyewe awe ameridhika kwamba umemweleza sawasawa. Alikiri kwamba jambo hilo, japo laonekana dogo, ni gumu kuliko mengi, nalo lahitaji ushujaa. Kwani mtu akiingia kweli katika mtazamo wa mwenzake, huenda akageuka yeye. Msomaji na ajaribu leo jioni na mkewe au mumewe, aone kama atamaliza dakika tano.

Wala madhara ya ugomvi hayaishii moyoni. Mwaka 2005 wachunguzi wa chuo kikuu cha jimbo la Ohio, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya mume na mke, jozi 42. Walitia vidonda vidogo vya malengelenge katika mikono yao, wakawataka wazungumze, safari moja kwa kusaidiana na safari nyingine juu ya jambo wanalogombania. Baada ya ugomvi vidonda vilikawia kupona. Na wale waliosemezana kwa uadui zaidi vidonda vyao vilipona kwa mwendo wa asilimia 60 tu ya mwendo wa wenzao. Maumivu ya kichwa ya yule kijana hayakuwa ya kujisingizia.

Hapa hapana budi nieleze mambo mawili, maana nimeona watu wakiteleza. Kwanza, kumsemea mtu si kukubaliana naye. Mtume s.a.w. hakuurudia mgawo wake baada ya kuwasemea Maansari. Vivyo hivyo Kurani Tukufu, katika sura ya Luqman, yamtaka mwana asiwatii wazazi wanapomshurutisha kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na papo hapo yamtaka akae nao kwa wema duniani. Yote mawili kwa pamoja. Pili, asiligeuze jambo hili kuwa hila. Anayerudia maneno ya mwenzake ili tu apate nafasi ya kurusha mshale wake hutambulikana upesi, na wazee hutambua upesi kuliko vijana. Tena nisieleweke vibaya: mke anayepigwa hana wajibu wa kuketi na kueleza uchungu wa anayempiga. Huyo kwanza atafutiwe usalama.

Basi nilimwita kijana nikamwomba radhi kwa zile hoja tatu. Nikamwambia, "Mwanangu, nenda bila dalili yoyote. Mwambie baba yako, kwa kinywa chako, yale unayodhani yanamwuma, kisha umwulize kama umesema sawa. Akikusahihisha, usijitetee. Rudia upya." Hakupenda. Alisema hiyo ni kama kushindwa. Tulikaa muda mrefu sana siku ile.

Alinisimulia baadaye ilivyokuwa. Alimkuta mzee nje, akaketi chini, akasema, "Baba, nadhani unaumia kwa sababu nimeiacha dini uliyonilea, nikaanza kukufundisha mbele ya wadogo zangu kana kwamba hujui kitu. Ningekuwa wewe, ningeumia." Mzee akanyamaza. Kijana akauliza, "Nimesema sawa?" Baba akajibu, "Umesema nusu." Na baada ya kimya kingine: "Jina. Nilikupa jina la baba yangu. Siku ya kwanza tu ulilitupa kama kitambaa kichakavu. Sasa nikifa, nani atamwita?"

Miezi saba walibishana juu ya manabii na vitabu, na jambo lenyewe lilikuwa jina la marehemu babu! Sisi sote hatukulijua, na kijana asingelijua hata leo kama angelikwenda na hoja ya nne. Tena dini haikumtaka alitupe. Mtume s.a.w. alibadilisha majina yenye maana mbaya. Lakini Umar, Uthmani, Talha na wengi wengine walisilimu na kubaki na majina waliyopewa na wazazi wao zama za ujahili. Jina la babu yule lina maana ya mvua.

Kijana alirudi kwangu akaniomba nilifungue daftari nililomwandika aliposilimu, niongeze jina lake la kwanza kando ya lile jipya. Nikaliandika, mkono wangu ukiwa mzito kidogo, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia siku ile achague jina jingine bila kumwuliza habari za lile alilokuwa nalo.

Mzee hajabadili dini, wala sijamwuliza. Nilipofika kwao mara ya mwisho walikuwa wakila sahani moja. Aliniambia niketi, akamwita mwanawe alete maji ya kunawa, akimtaja kwa majina yake yote mawili, la babu likitangulia.