Norman Swan na Sungura wa Sydney

Norman Swan alizaliwa Uskoti, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Aberdeen, kisha akajifunza tiba ya watoto. Mwaka 1982 alijiunga na ABC, shirika la utangazaji la umma la Australia, na kuanzia 1985 akawa mtangazaji wa kipindi cha redio kiitwacho The Health Report. Hata hivyo, habari iliyompa jina ilihusu mwenzake katika taaluma, tena mtu aliyeheshimiwa na taifa zima.

Mtu huyo alikuwa William McBride, daktari wa uzazi wa Sydney. Desemba 1961 barua yake fupi katika jarida la The Lancet ilitahadharisha kwamba thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyotumiwa pia kutuliza kichefuchefu cha ujauzito, ilihusiana na watoto kuzaliwa na kasoro kubwa za viungo. Alikuwa sahihi, na sifa hiyo haimwondoki.

Miaka ishirini baadaye McBride alishuku dawa nyingine ya kichefuchefu, Debendox, na akatoa ushahidi dhidi yake mahakamani Marekani. Mwaka 1982 alichapisha jaribio la hayosini, dawa inayotenda kazi kwa namna iliyo karibu na ya kiungo kimojawapo cha Debendox ya awali, katika viinitete vya vifaranga na sungura. Watafiti wake wadogo, Phil Vardy na Jill French, walikuta majina yao katika makala ambayo hawakuonyeshwa. Walipoisoma, idadi ya sungura na viwango vya dozi havikulingana na kilichofanyika maabara. Walilalamika, hawakusikilizwa.

Desemba 1987 Swan aliitangaza habari hiyo. Uzito wake haukuwa katika ukali wa maneno. Ulikuwa katika ulinganisho, namba kwa namba, kati ya jaribio lenyewe na makala iliyochapishwa. Hapo ndipo mafunzo ya udaktari yalipomfaa mwanahabari: aliweza kuisoma jedwali la matokeo kama daktari anavyosoma faili la mgonjwa, bila kutishwa na jina la aliyetia saini. Mwaka 1988 kamati iliyoongozwa na Sir Harry Gibbs, Jaji Mkuu mstaafu, ilithibitisha kuwa ulaghai wa kisayansi ulifanyika, na mwaka huohuo Swan akapewa tuzo ya dhahabu ya Walkley. McBride alifutwa katika rejista ya madaktari mwaka 1993, akarudishwa mwaka 1998.

Debendox yenyewe ilikuwa imeondolewa sokoni mwaka 1983 kwa shinikizo la kesi, na tafiti kubwa hazikuthibitisha kwamba inadhuru mimba. Hasara ilikuwa ya wajawazito waliotapika hadi kulazwa, ilhali dawa iliyofaa haikupatikana. Mwaka 2013 ndipo mamlaka ya dawa ya Marekani ilipoidhinisha upya mchanganyiko wa doksilamini na piridoksini.

Swan hakuishia redioni. Mwaka 2020, UVIKO-19 ulipoenea, yeye na mwanahabari Tegan Taylor walianzisha podikasti ya Coronacast, ya takriban dakika 10 kila toleo, wakijibu maswali ya wasikilizaji kuhusu barakoa, chanjo na vipimo. Baadaye wawili hao walianza nyingine, What's That Rash?, na humo pia msikilizaji ndiye anayeuliza.