Umri wa Mawe ya Mkolani

Msafiri atokaye mjini Mwanza kwa barabara ya Shinyanga, akiisha kupita Butimba na Nyegezi, hufika Mkolani, na huko, kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi hiyo ya ziwa, hukutana na mawe. Si mawe ya kuokota mkononi. Ni majabali makubwa kama nyumba, yaliyoviringana, mengine yamekaa juu ya mengine kana kwamba mtu mwenye nguvu za ajabu aliyainua moja moja akayapanga, kisha akaenda zake. Mgeni huyatazama kwa hofu kidogo. Mwenyeji amekwisha kuyazoea. Huanika nguo juu yake na kujenga nyumba kati yake. Bali watoto hawayazoei upesi. Wao huuliza maswali mawili: Nani aliyeyapanga? Na yana umri gani?

Mwalimu huwajibu watoto ya kwamba mawe hayo yana umri wa mamilioni ya miaka. Mtoto arudipo nyumbani na kusimulia, pengine baba humwambia, “Mambo ya shule yaache shuleni, sisi twamwamini Mungu.” Baba huyo ana nia njema. Lakini amemfundisha mwanawe jambo ambalo Kanisa halikufundisha, yaani kwamba hana budi kuchagua kati ya Mungu na ukweli wa mawe. Basi siku mtoto atakapokuwa kijana, akaona kwa hoja na vipimo ya kwamba mwalimu alisema kweli, ataliacha lipi kati ya mawili hayo? Wazazi Wakristo, hatari iko hapo, wala haimo katika jiografia. Kwa hiyo yafaa tuyajibu maswali hayo mawili kwa utaratibu.

Tuanze na lile la kwanza. Jiwe la Mwanza ni la aina iitwayo itale, ambalo wengi hulijua kwa jina la graniti. Ukilivunja na kulitazama juani utaona chembe za namna tatu: zile zing'aazo kama kioo ni kwatsi, zile nyeupe au za rangi ya waridi ni feldspari, na vile vipande vyeusi vinavyobanduka kama magamba ni ulanga. Chembe zimekuwa kubwa hata kuonekana kwa macho kwa sababu mwamba ulioyeyuka ulipoa polepole mno, chini ya ardhi, kilomita nyingi kwenda chini. Kama ungalipoa upesi juu ya nchi, kama mawe ya moto yatokayo katika Ol Doinyo Lengai, chembe zake zingalikuwa ndogo zisizoonekana.

Mwamba ule ulipopoa na kuondolewa uzito wa nchi iliyokuwa juu yake, ulipasuka nyufa, nyingine za kusimama na nyingine za kulala, ukagawanyika kama matofali makubwa. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa. Maji hayana haraka, lakini hugeuza feldspari kuwa udongo wa mfinyanzi. Na kwa kuwa pembe ya tofali hushambuliwa kutoka pande tatu, huku uso wake ukishambuliwa kutoka upande mmoja tu, pembe huoza kwanza, na kilichobaki ndani huwa cha mviringo. Ndivyo kipande cha sabuni kinavyopoteza pembe zake bafuni. Baadaye mvua na mito ikauchukua ule udongo uliooza, na mawe magumu yakabaki mahali pake, moja juu ya jingine, kama yalivyokuwa tangu mwanzo. Hakuna aliyeyainua. Kilichotokea ni kwamba ardhi iliyoyazunguka ilishuka ikayaacha. Mtu atakaye ushahidi na apite mahali palipokatwa kilima ili kupitisha barabara: ataona mawe ya mviringo yangali yamezikwa katika udongo laini uliokuwa mwamba, yakingoja zamu yao ya kutokeza.

Wapasuaji wa kokoto wayajua haya kwa mikono yao bila kusomea. Huwasha moto juu ya jabali mpaka litoe mlio na kubanduka tabaka, tena wajua ni upande gani nyundo itakubaliwa na upande gani itarudi. Elimu yao yastahili heshima kuliko inavyopewa.

Sasa tuje kwenye umri. Mtu aweza kuuliza kwa haki: Nani alikuwapo akahesabu? Hakuna aliyekuwapo. Lakini padre akiingia kanisani akakuta mshumaa unawaka, naye anajua urefu wake ulipokuwa mzima, na anajua hupungua kiasi gani kwa saa, aweza kusema uliwashwa lini ingawa hakumwona aliyeuwasha. Ndani ya itale mna chembe ndogo sana za madini yaitwayo zirkoni, na zirkoni ilipojiumba ilichukua ndani yake urani kidogo, huku ikiikataa risasi. Urani hiyo haidumu: hugeuka kuwa risasi, kwa mwendo usiobadilishwa na joto wala baridi. Kwa ile urani iliyo nyingi zaidi duniani, nusu yake hugeuka katika miaka milioni 4,470 hivi, kisha nusu ya ile iliyobaki katika muda uo huo, na kuendelea. Basi mtaalamu hupima risasi iliyomo na urani iliyosalia, akapata muda uliopita.

Miongoni mwa waliotangulia kuitumia njia hiyo ni Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, akiwa kijana, alikwenda Msumbiji kutafuta madini. Madini hakupata ya maana, bali alipata malaria iliyokaribia kumwua. Akarudi kwao, na mwaka 1913 akatoa kitabu juu ya umri wa dunia. Tangu hapo vipimo vimesahihishwa na kurudiwa mara nyingi katika nchi mbalimbali. Dunia yenyewe ina umri wa miaka milioni 4,540 hivi. Mwamba wa kale ulioshika katikati ya Tanzania hadi kandokando ya ziwa, na ambao majabali ya Mwanza ni sehemu yake, una umri usiopungua miaka milioni 2,500.

Hesabu kama hiyo hupita akilini bila kuacha alama, kwa hiyo tuipunguze. Chukua rula ya shule, na kila milimita moja uiite miaka elfu. Kuzaliwa kwa Bwana wetu Yesu Kristo ni milimita mbili na kidogo. Kufika kwa Mapadre Weupe wa kwanza katika pwani ya ziwa hili, huko Kageyi, mwishoni mwa mwaka 1878, ni unene wa karatasi moja au mbili. Ili kuufikia umri wa mawe ya Mkolani, itakubidi uiache rula na kutembea kwa miguu kilomita mbili na nusu.

Na ziwa je? Magharibi ya Mkolani, mwendo usio mrefu, ziko Nyegezi na Malimbe, ukingoni mwa ghuba ya Mwanza, na mtu asimamapo pale hudhani maji yale ni ya kale sawa na mawe yanayoyazunguka. Sivyo hata kidogo. Zamani mito ya nchi hizi ilitiririka kuelekea magharibi. Ardhi ya upande wa magharibi ilipoinuka, mito ikazuiliwa, na maji yakajikusanya katika bonde pana lisilo na kina kikubwa. Hata leo kina cha ziwa hakizidi sana meta 80. Jambo hilo lilitokea yapata miaka 400,000 iliyopita, nayo katika rula yetu ni sentimita 40 tu. Tena, wataalamu waliotoboa matope ya chini ya ziwa na kutoa nguzo zake wamekuta dalili za nchi kavu. Yapata miaka 15,000 hadi 17,000 iliyopita ziwa lote, au karibu lote, lilikauka. Mahali ambapo leo mitumbwi yapita palikuwa na majani. Kisha mvua zikarudi, na ziwa likajaa tena.

Baada ya kujaa huko, wale samaki wadogo tuwaitao furu waligawanyika wakawa aina mamia, zaidi ya 500 kwa hesabu ya wataalamu: wengine wa mawe, wengine wa mchanga, wengine wa kula konokono, wengine wa kula wenzao. Hapakuwa na aliyejua utajiri huo wakati sangara alipotiwa ziwani, katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amejaa kila upande na aina nyingi za furu zilikuwa hazionekani tena. Sangara ameleta fedha na kazi katika Mwanza, nasi hatutamlaani samaki kwa kuwa samaki. Ila yafaa ikumbukwe kwamba kazi ya miaka elfu nyingi iliharibiwa katika muda mfupi kuliko maisha ya mtu mmoja.

Turudi sasa kwa yule baba. Hofu yake hutoka katika wazo kwamba Biblia imetaja umri wa dunia kuwa miaka elfu sita. Biblia haikuutaja. Hesabu hiyo ilifanywa na watu waliojumlisha vizazi na tarehe, na ile iliyo mashuhuri kuliko zote ilitolewa mwaka 1650 na James Ussher, Askofu Mkuu wa Kianglikana huko Ireland, aliyesema dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi wa kweli, na kwa vifaa vya wakati wake alifanya kazi kubwa. Lakini hesabu yake si kanuni ya imani, wala Kanisa Katoliki halikumtaka mtu yeyote aisadiki.

Zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Ussher, Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alikwisha kuandika kitabu kirefu juu ya Mwanzo. Humo alionya ya kwamba ni aibu na hasara kubwa Mkristo aseme maneno ya upuuzi juu ya nchi, mbingu na nyota, huku akidai ndivyo yasemavyo Maandiko, mbele ya mtu asiyeamini anayeyajua mambo hayo. Kwani huyo atayadharau Maandiko hata yanapozungumza juu ya ufufuko na uzima wa milele. Mwafrika huyo ndiye ambaye jina lake lipo leo juu ya lango la Chuo Kikuu pale Malimbe, jirani kabisa na mawe tunayoyasema.

Tena, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya tabaka za mawe alikuwa askofu wetu. Niels Stensen, Mdenmark, aliandika mwaka 1669 ya kwamba tabaka ya chini ilitandazwa kabla ya tabaka ya juu, neno jepesi ambalo jiolojia yote imejengwa juu yake. Alikuwa ameingia Kanisa Katoliki mwaka 1667, baadaye akawa padre na askofu, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenye Heri. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulifundisha mwaka 1870 kwamba imani na akili haziwezi kupingana kweli, maana Mungu anayefunua mafumbo ndiye yule yule aliyetia nuru ya akili ndani ya mtu. Na Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu wataalamu kuchunguza hata asili ya mwili wa binadamu, akishika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe.

Lakini liko jambo la ndani zaidi. Watu wengi hufikiri kuumba ni kuanzisha tu: Mungu alisukuma, kisha akakaa kando. Wakifikiri hivyo, kila milioni ya miaka inayoongezwa huonekana kumpeleka Mungu mbali zaidi. Mtakatifu Thomasi wa Akwino hakufikiri hivyo. Yeye alisema akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu ulikuwa na mwanzo; hilo twalijua kwa imani. Bali hata kama ungalikuwako siku zote, bado ungalihitaji Muumba, kwa maana vitu humtegemea Mungu ili viwepo sasa, kama hewa inavyolitegemea jua ili iwe na mwanga. Fundi akifa, kiti alichokitengeneza hubaki. Jua likizama, hewa haibaki na mwanga wake. Basi jiwe la Mkolani laumbwa leo asubuhi sawasawa na siku lilipoganda, na miaka milioni 2,500 haiongezi wala haipunguzi kitu katika jambo hilo.

Hapo mwalimu naye ana mpaka wake. Akisema jiwe lilipoa polepole, na asikilizwe. Akisema kwa hiyo hakuna Mungu, amekwisha kutoka katika somo lake, maana hakuna kipimo cha urani kinachoweza kueleza kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwa na kitu.

Kuna faida nyingine ya kuyajua mawe, isiyohitaji falsafa. Kwa kuwa jabali halikupangwa na mtu bali limekalia ardhi iliyobaki chini yake, anayechimba udongo ule ili apate kiwanja au mchanga anaondoa kile kinacholishikilia. Litakaa kiangazi kizima, na mvua kubwa itakapolainisha mfinyanzi uliobaki, litashuka. Kabla ya kukata kilima nyuma ya nyumba, mtazame jirani aliye juu na jirani aliye chini.

Na mtoto akitaka kuona kazi hiyo ikiendelea, mpelekeni Malimbe, achote mchanga wa ufukweni katika kiganja. Chembe zing'aazo ni kwatsi, iliyotoka katika mawe yale yale, sababu yenyewe haiozi. Feldspari iliyokuwa pamoja nayo imekwisha kuwa udongo, na sehemu yake imetulia chini ya ziwa, ikiongeza tabaka juu ya yale majani ya zamani.