BREKI YA BAISKELI IKIPIGA KELELE



Somo letu la leo ni juu ya breki za baiskeli zinazopiga kelele. Kelele yenyewe unaijua. Mtu anateremka kilima, anashika breki, "kwiiii!" Kuku wanatawanyika, watoto wanacheka. Mwenye baiskeli anaona aibu. Akifika nyumbani anatafuta mafuta, ya kupikia au ya cherehani, anatia matone mawili matatu kwenye raba za breki. Kesho yake baiskeli imenyamaza kabisa, naye anafurahi.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Breki ile haikupona. Imenyamaza kwa sababu haishiki tena. Mwenye baiskeli atalijua jambo hilo siku ya gulio, akiwa na mzigo nyuma, katikati ya mteremko.

Tuone kwanza breki inafanya kazi namna gani. Ukibana mkono wa breki, raba mbili zinakandamizwa kwenye ringi ya gurudumu. Raba inasuguana na ringi, na kusuguana huko ndiko kunakopunguza mwendo. Mafuta kazi yake ni kuondoa msuguano. Ndiyo maana tunatia mafuta kwenye mnyororo na kwenye ekseli, maana huko tunataka vitu viteleze. Kwenye ringi na raba tunataka vitu vishikane. Kwa hiyo mahali hapo mafuta ni adui, hata tone moja.

Sasa kelele inatoka wapi? Kumbuka darasa la kisomo. Mwalimu akiishika chaki wima na kuisukuma ubaoni, inalia mpaka meno yanauma. Chaki hukwama kidogo, halafu huteleza, hukwama tena, huteleza tena, mara nyingi sana kwa dakika moja. Kukwama na kuteleza huko kunaitikisa chaki, na mtikisiko ndio tunaousikia kama mlio. Mwalimu akiilaza chaki kidogo, mlio unakwisha. Raba ya breki ni vile vile. Inakwama na kuteleza juu ya ringi, na chuma chote kinachoishika kinatetemeka pamoja nayo.

Kwa hiyo tusiulize "nitainyamazishaje?" Tuulize "kitu gani kinaifanya ikwame na kuteleza?"

Kama inalia asubuhi tu kwenye umande, au baada ya mvua, kisha inanyamaza ukienda hatua chache, usihangaike. Ni maji tu. Lakini jua kwamba ringi ya chuma inayong'aa, kama zile za Phoenix, Avon na Swala za zamani, ikilowa haishikwi vizuri. Breki iliyokuwa ikikusimamisha karibu, itakusimamisha mbali sana. Wakati wa mvua anza kushika breki mapema, polepole, ili raba zifute maji kwanza.

Kama inalia hata wakati wa kiangazi, anza na uchafu. Vumbi, tope na mafuta yaliyoruka kutoka kwenye mnyororo hujipaka kwenye ringi. Osha ringi kwa maji na sabuni, pande zile raba zinapogusa. Kwa baiskeli zenye breki za vyuma, raba hugusa upande wa ndani wa ringi, kule zinakotokea spoki, na watu wengi hawapaoshi hapo. Uchafu ukikatalia, tumia jivu laini lililochekechwa, kama unavyosugua sufuria. Suuza, kausha kwa kitambaa safi. Spiriti nayo ni nzuri, maana inakauka bila kuacha kitu. Mafuta ya taa na dizeli siyashauri. Yanatoa gundi ya uchafu, kweli, lakini yenyewe yanabaki juu ya chuma. Ukilazimika kuyatumia, osha kwa sabuni baadaye. Usikwangue ringi kwa msasa mkali wala tupa, kwa sababu utaondoa ule mng'ao unaozuia kutu.

Kisha fungua raba uzitazame usoni. Raba iliyokaa muda mrefu hung'aa kama kioo na kuwa ngumu. Isugue kwenye jiwe la kunolea au msasa mpaka uso wake ufifie na kuwa na mikwaruzo. Angalia pia kama kuna vijiwe au vipande vya chuma vilivyonasa. Vitoe kwa ncha ya pini, maana hivyo ndivyo vinavyochimba ringi. Raba iliyolowa mafuta haiponi. Utaisugua leo, kesho mafuta yatatoka tena ndani. Nunua mpya. Najua wapo mafundi wanaokata raba za breki kutoka kwenye tairi kuukuu la gari. Sina ugomvi nao, mtu hutumia alichonacho. Lakini matairi mengine yana nyuzi za waya ndani, na waya ukitokeza unakula ringi. Kata na utazame kabla ya kuifunga.

Raba ikiisha, sauti hubadilika. Huisikii tena "kwiiii", unasikia kama chuma kinakwaruza chuma. Hiyo ndiyo sauti ya kijumba cha raba kugusa ringi. Shuka, isukume baiskeli mpaka kwa fundi.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu jambo lenyewe limeangusha watu. Kwenye breki nyingi za vyuma, kijumba cha raba kina mwisho mmoja ulioziba na mwisho mmoja ulio wazi. Raba huingizwa kwa mwisho ulio wazi. Je, mwisho upi utazame wapi? Zungusha gurudumu kwa mkono, kama baiskeli inavyokwenda mbele. Tazama ringi inavyopita kwenye raba. Mwisho ulioziba lazima uwe kule ringi inakoelekea. Hapo ringi ikiivuta raba, raba inajikaza kwenye ukuta wa kijumba. Ukivigeuza, ringi itaivuta raba mpaka itoke nje na kuanguka barabarani. Itatoka lini? Siku utakaposhika breki kwa nguvu zako zote, yaani siku ile unayoihitaji kuliko siku zote. Kwa hiyo kila ukitoka kununua raba mpya, hata kama fundi ndiye aliyefunga, zungusha gurudumu utazame mwenyewe. Si dharau kwa fundi.

Nati nazo zitazamwe. Shika kila raba kwa vidole uitikise. Ikicheza, ndiyo maana inalia. Kaza kwa spana inayoenea vizuri, usikaze kwa koleo, utaila nati. Vyuma vya breki vikiwa vimepinda, raba moja hugusa kabla ya mwenzake, na hiyo peke yake inaleta kelele. Raba zote mbili ziguse kwa pamoja. Mkono wa breki ukiwa umeachiwa, kati ya raba na ringi ibaki nafasi ya kupita njiti moja ya kiberiti.

Wenye baiskeli za gia, zile za breki za waya, wana dawa moja zaidi, na ndiyo ile ya kuilaza chaki. Raba isiguse ringi yote kwa mara moja. Ncha inayotazama mbele ya baiskeli itangulie kidogo sana, kama unene wa kadi. Legeza nati ya raba. Weka kipande cha boksi la sigara kati ya ringi na ncha ya nyuma ya raba. Bana mkono wa breki, mwenzako akaze nati, kisha toa kipande chako. Mara nyingi kelele inakwisha hapo hapo.

Baiskeli zilizotumika zinazotoka Japani nyingi zina breki ya nyuma iliyofichwa ndani ya kopo la chuma katikati ya gurudumu. Ndani yake kuna mkanda unaobana. Hizo hulia sana zikizeeka, pengine mtaa mzima unajua umerudi nyumbani. Usimimine mafuta ndani ya kopo lile. Mkanda ukinywa mafuta hubaki jina tu. Mpelekee fundi aubadilishe.

Kelele ikija kwa vipindi, "kwi... kwi... kwi", mara moja kila gurudumu linapozunguka, basi ringi ina kasoro mahali pamoja. Pengine ilipiga jiwe. Zungusha gurudumu, weka alama ya chaki pale panapogusa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye spana ya spoki. Usigonge ringi kwa nyundo.

Sasa tufanye hesabu, maana breki na mzigo ni ndugu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40. Mtu mwenye kilo 60 juu ya baiskeli ya kilo 20 ni kilo 80. Akipakia madumu yake inakuwa kilo 120. Kama breki inashika kwa nguvu ile ile, na mwendo ni ule ule, kule alikokuwa akisimama kwa hatua 10 sasa atasimama kwa hatua 15. Na akiuzidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Zile hatua 15 zinakuwa 60. Wenzetu wanaoteremsha ndizi na mboga katika milima ya Rungwe, Lushoto na Uluguru wanalijua hili kwa magoti yao. Kwenye mteremko mkali wenye mzigo, shuka usukume. Kwenye mteremko wa kawaida, shika breki zote mbili. Ya mbele peke yake, ikishikwa ghafla, inaweza kukurusha juu ya usukani. Bana na kuachia, bana na kuachia, kabla mwendo haujakushinda. Ile desturi ya kukanyaga tairi la nyuma kwa ndala si breki, ni dalili kwamba breki huna.

Ukimaliza kutengeneza, jaribu kabla ya kupanda. Simama kando ya baiskeli, isukume mbele, bana breki ya mbele. Gurudumu lisimame. Rudia kwa breki ya nyuma. Halafu panda kwenye uwanja tambarare, nenda polepole, shika. Mteremko uje mwisho.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

Leteni baiskeli moja darasani. Mwisho ulioziba wa kijumba cha raba unatazama wapi, na je, ndiko ringi inakoelekea?

Kwa nini tunatia mafuta kwenye mnyororo lakini hatutii kwenye ringi?

Mama mwenye kilo 55 anaendesha baiskeli ya kilo 20. Amepakia gunia la mahindi la kilo 75. Bila mzigo husimama kwa hatua 8. Akiwa na gunia, kwa mwendo ule ule, atasimama kwa hatua ngapi?