Amri ya ls na Upangaji wa Data za Uwandani: Mifano Kutoka Migori na Homa Bay

Makala haya yanajadili jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanafunzi wa sayansi ya kompyuta, ilhali linamgusa moja kwa moja mtafiti wa fasihi simulizi: namna ya kujua kilichomo ndani ya saraka. Mwanafunzi anayetoka uwandani katika kaunti za Migori na Homa Bay hurudi na sigana (ndivyo Waluo waitavyo ngano zao), nyimbo, vitendawili na mahojiano, yote yakiwa mafaili ya sauti. Baadhi huenda yamerekodiwa katika visiwa vya Rusinga na Mfangano kwa Kisuba, lugha ambayo wasemaji wake wengi wamehamia Dholuo. Rekodi ya namna hiyo ikipotea, pengine msimulizi wa pili hatapatikana.

Chombo tunachokizungumzia ni amri ya ls, iliyomo katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwemo Linux. Ni amri kongwe. Imo katika mwongozo wa kwanza wa Unix, uliotolewa Bell Labs mnamo Novemba 1971. Mtumiaji huandika ls, hubonyeza kitufe cha kuingiza, na majina ya vilivyomo katika saraka hujitokeza.

Mwanafunzi wa mofolojia ataona jambo la kuvutia hapa. Amri hii ni kitenzi kisicho na nafsi, mfano wa orodhesha katika hali ya kuamrisha, na machaguo yake hufanya kazi inayokaribia ile ya viambishi. Chaguo -l huleta maelezo marefu, -a hufichua mafaili ambayo majina yake huanza kwa nukta, -t hupanga kwa wakati, -S kwa ukubwa, na -r hugeuza mpangilio. Hata hivyo, viambishi vya Kiswahili vina nafasi zake maalumu. Hatuwezi kusema *lianipiga kwa maana ya alinipiga. Kwa upande wa ls, -lt na -tl ni kitu kimoja. Tahadhari iwe kwenye ukubwa wa herufi: -R si -r, kwani -R huamuru saraka zote za ndani nazo ziorodheshwe.

Sasa tuchukulie kwamba mtafiti ameunda saraka mbili kwa majina ya kaunti, na ndani ya kila moja saraka nane kwa majina ya maeneobunge: Rongo, Awendo, Uriri, Nyatike na mengineyo upande wa Migori, Ndhiwa, Rangwe, Karachuonyo na wenzao upande wa Homa Bay. Akiandika ls Migori, atajibiwa bila tatizo. Akiandika ls Homa Bay, ataambiwa kwamba Homa haipo na Bay haipo. Kwa kompyuta, nafasi ndiyo mpaka wa neno, kwa hiyo imeona maneno mawili pale ambapo sisi tunaona jina moja. Hili ni suala lile lile la mipaka ya neno linalowasumbua wanaleksikografia. Suluhisho ni alama za kunukuu, ls 'Homa Bay', au kuiita saraka Homa_Bay tangu mwanzo. Sisi tunapendelea njia ya pili.

Tatizo kubwa zaidi ni king'ong'o chetu. Kiswahili kina ng'ombe. Dholuo ina ng'ato, yaani mtu fulani, na ong'er, yaani tumbili. Ritifaa hiyo, ambayo katika othografia ni sehemu ya konsonanti, kwa programu inayopokea amri ni mwanzo wa nukuu. Andika ls ong'er na kompyuta itanyamaza, ikisubiri ritifaa ya kufunga. Andika ls "ong'er" nayo itatii. Tangu 2016, ls ya mradi wa GNU huyazungushia majina ya aina hii alama za kunukuu inapoyaonyesha kwenye skrini. Mwanafunzi asidhani kuwa alama hizo ni sehemu ya jina.

Mpangilio nao una hila zake. Kwa kuwa majina hulinganishwa herufi kwa herufi, sigana10 hutangulia sigana2. Aandikaye sigana02 huepuka usumbufu huo. Vilevile, tarehe inayoonyeshwa na ls -l ni ya faili kubadilishwa mara ya mwisho, si lazima iwe siku ya usimulizi. Kunakili faili kwa amri ya kawaida ya cp huipa nakala tarehe mpya, na hapo -t haitegemeki tena. Tarehe ya usimulizi iandikwe katika jina lenyewe, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku.

Kazi ya mwisho hufanywa jioni ile ile ya kurekodi, kabla ya kuondoka kijijini. Kwanza, ls -lSr huyatanguliza mafaili madogo kabisa, na lenye baiti sifuri au chache mno halina sauti ndani yake. Pili, ls *.wav | wc -l huhesabu rekodi zilizomo katika saraka. Hesabu hiyo ilinganishwe na daftari la uwandani. Ikiwa daftari lina masimulizi 42 na kompyuta imetoa 41, lililokosekana litafutwe usiku huo huo, au msimulizi aombwe kulirudia asubuhi.